Buti, Tairi la Spea na Begi Lililokwenda Mwera

Vijana wa gereji ya Pongwe mmeniomba niandike, na mimi nimekubali kwa sababu najua mkiachiwa wenyewe mtasimulia vibaya. Nimeacha kazi mwaka huu. Sikufukuzwa na wala sikuchoka, ni macho. Moto wa kuchomelea umeyala taratibu, na fundi asiyeona ufa mwembamba kwenye chuma ni heri akauze machungwa. Kwa umri mimi bado mtu wa kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayekuta nimekosea herufi anyamaze, maana gari alilopanda kuja hapa huenda nati zake nilizikaza mimi.

Habari za cheo na malipo siziandiki, hazimfundishi mtu kitu. Naandika habari za buti za nje, zile za kuwekea mizigo, na tairi la spea kwenye yale magari yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Sisi tuliyaita gari-nyumba, watoto wa Pongwe wakayaita konokono. Kuanzia Horohoro mpaka ng'ambo ya mto Pangani, kazi hiyo ikitajwa lilitajwa jina langu. Kama kuna mwingine ajitokeze. Nimemngoja muda mrefu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, aliyekuwa na gereji ya mabati pale Ngamiani. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe lililopigwa pasi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," akanitazama juu hadi chini, kisha akauliza, "Umekuja kazini au umekuja kuposa?" Mafundi wote wakacheka. Akanipa debe la nati na bolti zilizochanganyika, akaniambia nizipange kila moja na mwenzake. Nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya shati. Nilizipanga mpaka vidole vikawa vyeusi, na kesho yake akazimwaga akaniambia nizipange tena, safari hii nimefumba macho. Leo macho yangu hayana kazi, lakini nipe nati gizani nitakwambia inakwenda wapi. Huo ndio ufundi niliosomea mimi, na haukuwa na likizo.

Mzee Mhina alikuwa na kipimo chake cha tairi la spea. Jirani na gereji alikaa muuza mihogo mmoja mnene, akiitwa Kibwana. Tukimaliza kufunga mkono wa kubebea tairi nyuma ya gari, mzee aliita, "Kibwana, njoo uning'inie!" Kibwana alikuja na muhogo wake mkononi, akajitundika pale, akabembea huku anatafuna. Kikisikika kilio chochote cha chuma, tunafungua na kuanza upya. Pasiposikika kitu, mzee alisema twende tukanywe chai, turudi tukaze tena, kwa kuwa bolti mpya hulala kidogo ikishabeba uzito. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kibwana amekwishafariki, Mungu amrehemu, na sijapata kipimo kingine kama yeye.

Gari-nyumba la kwanza kuingia mikononi mwangu lilitokea Mombasa, na wazee wawili wa Kizungu, mume na mke. Wakati huo nilikwishafungua gereji yangu Pongwe, kwa mikono yangu, bila mjomba wala shemeji. Walikuwa wamepoteza ufunguo wa buti ya pembeni yenye mahema na vyombo. Uani palikuwa na gari jingine la aina hiyo, la nchi nyingine kabisa, mwenyewe kaliacha nimtengenezee breki. Nikachukua ufunguo wa lile, nikajaribu kwa mzaha tu, buti ikafunguka. Yule mzee alifurahi akapiga makofi. Halafu akautazama ule ufunguo, maana alikuwa ameelewa. Vitasa vya kiwandani vya magari yale vingi hufunguliwa na ufunguo mmoja. Pale pale nikaona kazi yangu ya miaka iliyobaki.

Tangu siku hiyo kila buti niliyoshika niling'oa kitasa cha kiwandani. Nilitengeneza makomeo mawili ya chuma kwa ndani, moja juu, moja chini, yanayosukumwa pamoja na ufunguo wangu mmoja. Pembeni mwa mlango nikazungusha mpira mnene, ili vumbi letu lisiingie. Mlango ukifungwa ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayefunga mdomo. Ukisikia mlio huo, kazi imekwisha. Usipousikia, usimrudishie mtu gari lake.

Sasa tairi la spea. Ngozi ya magari yale ni faiba. Kufunga tairi kwenye faiba peke yake ni sawa na kutundika gunia kwenye pazia. Weka bamba la chuma kwa ndani, pana kama sinia, na mkono wa tairi uufikishe kwenye chesesi, mifupa ya gari. Kila bolti iwe na nati mbili. Piga mstari wa rangi upitie nati na bolti kwa pamoja. Siku mstari ukikatika utajua nati imezunguka, hata kama haijalegea kwa mkono. Pitisha mnyororo kwenye rimu, na mnyororo uvishe mpira wa ndani wa baiskeli usipige kelele. Na msichomelee. Sisi watu wa Tanga tukiogopa mwizi tunachomelea kila kitu, taa, betri, mpaka kifuniko cha tangi. Dereva mmoja wa basi la Kosta alichomelea nati za tairi la spea, akapata pancha karibu na Kigombe. Nilipita nikamkuta amekaa chini analitazama lile tairi kama picha ya ukutani. Mwizi hakuliiba, ni kweli.

La mwisho ni chumvi. Kufuli zuri la dukani, ukilipeleka ufukweni, linaota kutu na kugoma kabla hujalizoea. Mimi nilipaka mafuta ya papa, yale yale wanayopaka mbao za vyombo vya baharini. Nilipaka kwenye makomeo na kwenye mpira wa mlango. Yananuka, sikatai. Yananuka siku kadhaa kisha yanazoeleka. Mteja mmoja alinipigia simu kulalamika kwamba paka wa Pangani wamehamia chini ya gari lake. Nikamuuliza, "Komeo linafunguka?" Akasema linafunguka. Nikamwambia basi awape paka salamu.

Kazi ngumu nilizopata ni nyingi, lakini mnayoiuliza kila siku ni ile ya begi. Nitaieleza mara moja tu, kwa utulivu, ili mwache kuongeza chumvi.

Bwana Seif, mfanyabiashara wa nazi, alinunua gari-nyumba kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Akalifanya gari la harusi. Watu walimcheka, baadaye wakapanga foleni, kwa sababu lina kioo, lina bafu, na mabibi harusi wanafika safari yao hawana jasho. Buti zake nilizitengeneza mimi. Upande wa kulia buti ya mizigo. Jirani yake buti ya mtungi wa gesi, katikati nimeweka ukuta wa chuma, na sakafu ya upande wa gesi nimeitoboa, kwa kuwa gesi ikivuja huenda chini, lazima ipate mlango wa kutokea. Hata buti ya mizigo niliiachia matundu mawili chini, madogo, isiote ukungu.

Alilikodi Bi Mwanakombo, jirani yetu, kupeleka begi la kijana wake Hatibu kwa wachumba, yaani nyumbani kwa binti, Mwera. Hatibu alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu, yeye ndiye aliyemlea. Mnajua begi lilivyo kwetu: nguo za bibi harusi, kanga, viatu, manukato, vyote vinakwenda ndani ya begi lililofungwa, linafunguliwa mbele ya wanawake wa upande wa pili, kitu kimoja kimoja, na kila jicho linatazama. Njiani halifunguliwi. Kuhakikisha hilo, wachumba walimtuma mtu wao apande gari pamoja nasi: Bi Time, mama mdogo wa binti, mwanamke mrefu, mdomo wake unajulikana mpaka Kipumbwi.

Na palikuwa na kisa. Kaka yake Hatibu alikwishapeleka begi kwenye ukoo huo huo, na lilirudishwa. Aliyelifungua ni huyo huyo Bi Time. Alisema nguo zinanuka dawa ya mende, kwa hiyo ni za mtumba. Hazikuwa za mtumba. Zilikaa sana kabatini. Ndoa ikafa. Sasa ilikuwa zamu ya mdogo mtu, na Bi Mwanakombo alikuwa amekwishasema mtaani kwamba begi likirudi tena, hapatakuwa na la tatu.

Mimi nilipanda kwa sababu Bwana Seif alitaka fundi wa tairi kwenye barabara ya ng'ambo, na mke wangu Mwanahawa alikuwa kwenye msafara. Tukavuka kwa kivuko, tukasimama Bweni kwa sala ya adhuhuri. Yaliyotokea hapo sikuyaona, niliambiwa baadaye. Bi Time alipokwenda kutawadha, Bi Mwanakombo alifungua buti kwa ufunguo aliokabidhiwa na Bwana Seif, ili aingize tu kapu lake, begi hakuligusa. Harufu ya mafuta ya papa ikampokea. Nilikuwa nimeyapaka juzi yake. Mwanamke yule akaona begi lake linafika Mwera linanuka papa mbele ya Bi Time. Akafanya ambalo angelifanya mama yeyote wa pwani hii. Ndani ya kapu mlikuwa na chetezo cha kufukizia udi, cha kutumia kwenye mapokezi. Akaomba makaa kwa mama anayechoma mihogo, akaweka udi, akakisimamisha chetezo ndani ya buti pembeni ya begi, akafunga mlango, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Moto, ndani ya buti, kwenye barabara ile. Lakini ukimuuliza atakwambia alikuwa anafukiza nguo tu.

Karibu na Mwera, Bi Time aliyekuwa dirishani akasema, "Mwenzangu Mwanakombo, begi lenu linavuta sigara."

Bwana Seif akasimamisha gari. Moshi ulikuwa unatoka kwenye yale matundu mawili chini, mwembamba, wa samawati.

"Huo ni udi," akasema Bi Mwanakombo. "Hamsikii?"

"Udi gani unaonuka kiatu?" Bi Time akauliza.

Mimi nilikwisha kushuka. Niliposhika mlango wa buti ulikuwa wa moto. Nilikwenda kwenye buti ya gesi, nikafunga koki, nikang'oa mtungi, nikaubeba begani mpaka mbali kwenye minazi. Nikarudi nikawaambia wote wakae upande wa pili wa barabara. Fundi hutangulia na kile kinachoua, cha kutia aibu kinafuata.

"Fungua!" Bwana Seif alikuwa anapiga kelele. "Mwanakombo, toa ufunguo! Gari langu linaungua!"

Bi Mwanakombo akalishika pindo la kanga kwa mikono miwili. Alimtazama Bi Time, akanitazama mimi. Akifungua, mtu wa wachumba analiona begi linafuka moshi barabarani. Asipofungua, halitabaki la kuonyesha.

"Usifungue," nikamwambia.

"Una wazimu, Bakari?" akasema Bwana Seif.

"Humo kuna makaa na nguo. Sasa hivi zinafuka tu. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, zinawaka, tunazika gari na begi pamoja. Mlango huu nimeufunga mimi. Pumzi inapita kwenye matundu yale mawili, basi, hakuna pengine. Nipeni nguo na maji."

Mke wangu akavua kanga ya juu. Nikailowesha maji ya bomba la gari lenyewe, nikaipasua, nikalala chali chini ya buti, nikaziba matundu kwa vitambaa, juu yake nikapaka udongo. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Mpira wangu wa mlango haukupitisha hata kidogo. Niliendelea kulala pale, kiganja kwenye sakafu ya buti, nikisikiliza joto.

Ndipo niliposikia wale wanawake wawili. Nilikuwa naona miguu yao tu. Walikuwa wamekuja karibu, hawakuwa wanajua kama nasikia, au hawakujali.

"Umeweka moto humo, Mwanakombo?"

"Nimeweka udi."

"Ndani ya gari?"

"Safari ile mlisema tunanuka," akasema Bi Mwanakombo. Sauti yake haikupanda. "Leo nilitaka tunukie."

Bi Time hakujibu. Mara ya kwanza katika historia ya Wilaya ya Pangani. Nikaona miguu yake inageuka, ikarudi upande wa pili wa barabara.

Chuma kilipopoa kabisa niliwaambia tuondoke, na buti isiguswe mpaka tufike. Bwana Seif alikuwa hasemi nami. Tukafika Mwera baada ya alasiri. Nilifungua buti mwenyewe kwa ufunguo wa Bi Mwanakombo, mwili wangu nimeuweka mbele watu wasione. Chetezo kilikuwa kimelala ubavu, makaa meusi, yamekufa. Begi lilikuwa limetoboka upande mmoja, tundu la ukubwa wa kisahani. Nikaligeuza tundu likae kwenye kifua changu, nikalibeba hivyo hivyo mpaka mlangoni. Pale wanawake wakalipokea, na mlango wa ndani ukafungwa. Fundi hapiti hapo.

Sisi wanaume tulikaa barazani na kahawa na kashata. Mzee mmoja wa Mwera alinieleza habari za mbaazi zake, sikumbuki hata neno. Mnaposubiri begi mnasikiliza vigelegele. Kikitajwa kitu, kinapigiwa. Na kimya kikirefuka, mnajua kuna jambo. Nilisikia sauti ya Bi Time inatangaza: baibui, kikapigwa kigelegele. Viatu, kikapigwa. Manukato, kikapigwa. Kanga, doti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu kimya. Bwana Seif aliacha kikombe hewani.

Kimya kile mke wangu alinieleza kesho yake asubuhi, tunakunywa chai.

Alisema Bi Time alipoingia nalo alilisukuma begi mpaka ukutani, upande wenye tundu ukaelekea ukuta, akakaa kwa kulibana na goti. Alikuwa anatoa vitu yeye peke yake, mtu hakuruhusiwa kusaidia. Doti tatu za kanga alizikunjua zote, akazionyesha mwanga upite. Akaingiza mkono kuchukua ya nne, ya kijani, iliyokuwa pembeni. Mkono ukakaa ndani. Mwanahawa alikuwa karibu, aliona: doti yote ilikuwa imeungua katikati, imeshikana. Bi Mwanakombo alikuwa upande wa pili wa chumba, ameinamisha kichwa, anasubiri kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mnajua pia desturi ya mfunguzi. Anayelifungua begi ana ada yake: anachagua doti moja aipendayo, inakuwa yake, na hapana wa kumuuliza. Kila mwaka watu wanagombana nani afungue, kwa sababu mfunguzi huchukua iliyo nzuri kuliko zote, na pale palikuwa na moja nyekundu iliyomfanya kila mtu avute pumzi.

Bi Time aliitoa ile ya kijani imekunjwa vile vile, akaipeleka moja kwa moja kwapani, ndani ya baibui.

"Hii nimechukua ada yangu," akasema.

Mama wa binti akashangaa. "Time, hata hujaikunjua! Na ile nyekundu je?"

"Nyekundu ya bibi harusi."

"Basi tuonyeshe hiyo tuione na sisi."

"Ada ni ya nani?" Bi Time akamuuliza, na mkono akazidi kuubana. "Mimi nimetoka Tanga na begi hili, nimekaa nalo njia nzima, halikufunguliwa. Nguo zao nzuri na zinanukia. Pigeni vigelegele, jamani, watu wako nje wanasubiri."

Wakapiga.